Kikombe Alichokikataa Kilonzo

Mwaitu, Mama yangu,

Usijali mwandiko, naandika kwa hasira. Tangu tukuzike pale juu ya boma mvua imenyesha vizuri misimu miwili, na bwawa limejaa mpaka kwenye migunga. Mgeni angedhani ni ziwa. Watu hatujaongezeka, ni nyumba zile zile chache zilizotawanyika na mbuzi. Lakini ungekaribia ukingo, Mama, ungeziba pua.

Kilonzo, kitindamimba wako, alijenga kichinjio pale pale. Damu, matumbo, mavi ya mbuzi, vyote alikuwa akivisukuma majini kwa koleo. Nzi walikuwa wengi mpaka tulikunywa uji tukiufunika kwa mkono. Siku moja nilizamisha mtungi, ukatoka na utumbo umejizungusha shingoni mwake. Nilitapika. Nilitapika hapo uliponikalisha kivulini mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada, wewe na akina mama wa mwethya, kikundi chenu cha kazi ya pamoja, mkichimba bwawa hili kwa majembe na kubeba udongo kwa karai. Ulivua kitambaa chako ukanifuta jasho. "Kaa hapo, Mumbua. Utakuja kuchota hapa hapa nyumbani."

Nilimwambia Kilonzo kwa upole. Akacheka. "Dada, maji ni mengi. Uchafu unazama."

Na mimi, nikufiche nini, nilikuwa nakula nyama aliyonitumia kila Jumamosi. Hilo linanichefua kuliko nzi.

Halafu Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akakusifu, Mama. Hata akalia. "Mama alichimba bwawa hili kwa mikono yake. Sisi tunakunywa jasho lake!" Watu wakaitikia amina. Mimi nikainuka. Nikatoka, nikateremka bwawani, nikarudi na kikombe cha maji yale, mazito, manyoya ya mbuzi yakielea juu. Nikamnyooshea Kilonzo mbele ya mchungaji.

"Kunywa."

"Mumbua, unaniaibisha."

"Kunywa jasho la mama."

Akageuza uso kama mtoto anayepewa dawa chungu. Ndipo Mama Kasyoka, yule uliyebeba naye karai, akainuka na magoti yake mabovu, akanipokonya kikombe, akamwagia Kilonzo maji yale kwenye viatu. Akatoka, na akina mama wakamfuata mmoja mmoja. Kufikia saa nane walikuwa wamekibomoa kichinjio, yamebaki mawe tu.

Mchungaji aliniita baadaye. Alisema nimevuruga ibada. Kuhusu matumbo majini, hakusema lolote. Nikaondoka bila kumuaga.

Kilonzo amehamia Nuu. Haongei nami. Nilidhani ningefurahi, lakini usiku ule sikula. Maji bado yananuka. Tunachota mbali, kule mtoni, tukifukua mchanga, na kila siku akina mama wanashuka na majembe kutoa tope la ukingoni.

Lala salama, Mwaitu. Najua ungetaka nimtafute ndugu yangu. Nitakwenda Nuu, nitamsalimia, nitakaa kwake. Nyama yake sitakula. Na kwenye maji haya hatachinja tena nikiwa hai.

Ni mimi, Mumbua wako.