Nilimwamkia Baba Mkwe Tukiwa Tunaning'inia

Mpendwa Shangazi Swaumu, naomba msaada wako na naomba unijibu mapema, maana baba mkwe wangu ameshateremsha begi lake kutoka juu ya kabati, na akiondoka nitabaki na lawama ambayo sitaiweza.

Naitwa Bupe, kwetu ni Tukuyu, nilihamia Dodoma kikazi nikaolewa na Obadia, Mgogo wa Kibakwe, tunaishi Nzuguni na watoto wetu wawili, na tangu mwaka jana tunaishi na baba yake, Mzee Methusela, ambaye mkewe alifariki, na mama huyo siku zake za mwisho hospitalini alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, huyu mzee nakuachia wewe, usikubali akae peke yake," nami nikasema ndiyo mama, na sijawahi kusema ndiyo nzito kama ile.

Sasa Shangazi, kwetu mwanamke hazoeani na baba mkwe. Nimelelewa kwamba ukimsikia anakuja njia hii wewe unapita njia ile, humtazami usoni, huketi naye, na jina lake hulitaji kabisa (hapo juu nimelitaja kwa sababu lazima ujue namsema nani, Mungu anisamehe). Nyumbani nampigia magoti mlangoni, namwamkia nikiangalia sakafu, namwekea chakula mezani halafu nakimbilia jikoni kula na watoto, na kusema kweli namjua kwa miguu kuliko kwa uso, ukinipangia wazee nyuma ya pazia nitamtambua kwa vidole. Yeye naye ni mtu wa heshima, nikipita anageukia dirishani, na hivyo tuliishi kwa amani kabisa.

Baada ya mtoto wa pili mwili wangu ulikataa kurudi, ndipo Ruthu wa ofisini akanipeleka kwenye kikundi cha kupanda miamba kinachokutana kwenye majabali nje ya mji, njia ya Hombolo. Nilidhani ni kutembea mlimani na kupiga picha. Kumbe unavalishwa mkanda wa kiunoni na mapajani, unafungwa kamba, kamba inapita kwenye pete ya chuma juu ya jabali na kurudi chini kwenye mkanda wa mwenzako, yeye anaivuta kadiri unavyopanda ili ukiteleza usifike chini, na viatu vyenyewe vinabana kama umeviazima kwa mdogo wako. Siku ya kwanza nilifika kimo cha mlango nikalia nishushwe. Baada ya wiki kadhaa nilifika juu, nikauona mji wote huko mbali, hakuna anayeniita mama wala dada wa masjala, nikalia tena lakini siyo kwa woga. Tangu hapo sijakosa Jumamosi.

Basi daktari akamwambia mzee afanye mazoezi kwa ajili ya presha, na mume wangu, ambaye ana moyo mzuri kuliko akili ya kuangalia mbele, akamwandikisha baba yake kwenye kikundi kile kile, ila Jumapili baada ya ibada. Nilikubali. Mimi Jumamosi, yeye Jumapili, tunaheshimiana kwa zamu. Na Shangazi, mzee alifufuka! Mtu aliyekuwa anakaa kibarazani kutwa bila neno alianza kula, kupiga mluzi bafuni, kuwaonyesha wajukuu fundo la kamba, nikasema moyoni, mama, unaona, nimemtunza.

Jumamosi moja nafika jabalini namkuta mzee, amevaa kofia ngumu na bukta ya kuchezea mpira ya Obadia. Bukta, Shangazi! Kesho yake kulikuwa na harambee kanisani kwa hiyo alikuwa amebadilishiwa siku. Nikajificha nyuma ya jiwe, nikamwamkia kutoka huko huko. Ruthu hakuja, alikuwa na harusi, nikawa sina mshika kamba, na mwalimu wetu Mudrick, kijana ambaye hajaoa na hajui mkwe ni nini, akapiga makofi akasema, "Dada Bupe atashikiwa na mzee, si familia moja nyie, hamtaoneana aibu!" Nilifungua mdomo kukataa, lakini kumkataa mkwe mbele za watu nayo ni kumdharau, nikafungwa kamba, nikapanda haraka ili nikae mbali naye.

Kupanda huku kuna maneno ya amri ambayo lazima uyapige kwa sauti, "Kaza!" ukitaka kamba ivutwe na "Nishushe!" ukichoka. Nimefika kama nusu ya jabali mikono imechoka, kamba imelegea hadi inanigusa magoti, na mimi nitamwambiaje baba mkwe kaza? Nikasema kwa upole, nikiangalia jiwe, "Baba, samahani, kama utaweza, naomba ukaze kidogo." Upepo ukayachukua. Nikarudia na kuongeza shikamoo. Kumbe na yeye huko chini, kwa kuwa mkwe wake yuko juu amevaa suruali ya kubana, alikuwa amegeuza uso anatazama barabarani.

Vidole vikaachia. Nikaporomoka, goti likasuguliwa na jabali, halafu kamba ikakaza ghafla, na kwa kuwa mimi nimeshiba mwili na mzee ni mwembamba, mimi nikawa nashuka na yeye anapanda, mpaka tukakutana katikati, tukasimama hewani tunaning'inia, uso kwa uso, karibu kugusana pua. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikayaona macho yake. Nikafanya nilichofundishwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo baba."

"Haya."

Halafu akafumba macho, na mimi nikafumba, tukabaki hivyo hadi Mudrick alipokata simu yake na kuja kutushusha. Kuna mtu alirekodi. Video imefika kwenye grupu la ukoo, na shemeji yangu mmoja ameandika chini yake, "Kikao cha familia kimefunguliwa."

Tangu siku hiyo mzee anashinda chumbani. Chakula anagusa tu. Kila asubuhi anamuuliza Obadia goti langu linaendeleaje, nadhani anahesabu aibu niliyomletea. Juzi mezani, pale ninapomwekea sahani, nimekuta dawa ya kuchua mpya, nikadhani kaisahau nikamrudishia kwa mkono wa Obadia. Nikipita mlangoni kwake namwona anafunga fundo la kamba kwenye mguu wa kitanda, analifungua, analifunga tena. Amemwambia mwanawe, "Baada ya lile la jabalini siwezi kukaa nyumba moja na mkwe, narudi Kibakwe." Kibakwe hakuna mtu, Shangazi, ni nyumba imefungwa na kaburi la mama. Mume wangu nikimwambia azungumze na baba yake anaanza vizuri, kisha anakumbuka ile marahaba anaangua kicheko. Mama yangu nilimpigia Tukuyu, akasema wazee wa pande zote wakae na kuku achinjwe.

Je, niache kupanda ili mzee abaki? Niwaite wazee? Au nimwache aende kwa kuwa ndiyo heshima? Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu: kupanda sitaki kuacha, na kwa ajili hiyo najiona mkwe mbaya kuliko wote Nzuguni.

Bupe


MAJIBU YA SHANGAZI SWAUMU

Bupe mwanangu, pole kwa goti. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka binti yangu Naima akaja kuangalia kama nimefiwa. Mara ya pili sikucheka sana, kwa sababu nimeona ulivyokaribia kuvunjika mgongo kwa ajili ya adabu.

Usidhani nacheka desturi zenu. Kwetu Kondoa pia mkwe ni mkwe, na mimi nilimpelekea chakula baba wa marehemu mume wangu miaka mingi bila kukaa naye mezani, na sijuti. Ninayemgombeza ni wewe. Umening'inia kwenye jabali, mikono imeisha nguvu, halafu unaanza na samahani, unaenda kama utaweza, unamalizia na shikamoo! Hiyo ni barua ya kuomba likizo. Siku hiyo mlipeana heshima wewe na mzee hadi mkakaribia kwenda kuzikana. Aliye juu kwenye kamba ana neno moja, na analipiga mpaka mbuzi wa Hombolo washtuke. Aliyeshika kamba naye macho yake ni ya aliye juu, hata kama aliye juu ni mkwe, askofu au shehe. Kumwangalia mtu asianguke siyo kumchungulia.

Mimi mwenyewe mlima wangu mkubwa ni ngazi za benki, kwa hiyo nilimpigia mtu anayeifahamu shughuli hii. Alipofika mahali pa uzito wenu alinikatiza kwa hasira. Anasema mwanafunzi mzito hashikiwi kamba na mwanafunzi mwepesi, na ikibidi, aliye chini anafungwa kwanza kwenye jiwe ili asinyanyuliwe, na mwalimu anasimama pembeni yao, haongei na simu. Na kabla mguu haujatoka ardhini kila mmoja anakagua mkanda na fundo la mwenzake, kwa macho na kwa mkono, jambo ambalo wewe na mzee hamkulifanya na wala msingeweza. Huyo Mudrick mwambie hivyo mbele ya kikundi kizima. Akileta utani, tafuteni mwalimu mwingine. Uhai wako hauwezi kuwa mikononi mwa mtu anayepanga watu kwa kuangalia ukoo.

Sasa nije kwa mzee, maana hapo ndipo uliponikasirisha kabisa. Bupe, unasoma unachoandika? Umeandika mwenyewe kwamba anaulizia goti lako kila asubuhi. Umeandika kwamba kuna dawa ya kuchua mezani. Goti lake ni zima, dawa alimnunulia nani, paka? Nawe ukairudisha! Mzee wa watu amekosa mdomo wa kuomba msamaha akatumia dawa, na wewe umemjibu kwamba msamaha wake huutaki. Ndiyo maana begi limeshuka kabatini.

Na hilo fundo la kwenye mguu wa kitanda. Aliyechoka na nyie hawezi kukaa siku nzima anajifunza kufunga kamba vizuri. Huyo anayarudia yale ya jabalini kichwani mwake na kila mara anajiuliza angefanya nini. Aliposema hawezi kukaa nyumba moja na mkwe, wewe ulisikia amekukasirikia. Mimi nasikia mzee aliyegeuza uso, mke wa mwanawe akaanguka, na sasa hajui atawatazamaje wajukuu zake. Anaona haya yeye! Mke wake amefariki, na kitu cha kwanza kilichomrudishia furaha karibu kimuue mama wa wajukuu wake. Mimi ningekuwa yeye ningejifungia pia. Lakini kuna jambo moja ambalo nyote wawili mmelisahau kwa sababu ya aibu: hakuachia kamba. Aling'olewa ardhini, akapandishwa hewani na umri wake na presha yake, na hakuachia. Mtu huyo unamwacha aende kukaa na nyumba iliyofungwa?

Kupanda usiache. Ukiacha atajua umeacha kwa ajili yake, na atakuwa na mzigo wa pili. Rudi goti likipona, upande na Ruthu, na Ruthu akiwa na harusi, wewe siku hiyo kaa chini unywe chai. Mzee arudi Jumapili yake ashikiwe na mwanaume wa uzito wake. Obadia amnunulie baba yake suruali ya mazoezi wiki hii hii, bukta imeshatuonyesha ya kutosha. Halafu Obadia huyo huyo akawaambie ndugu zake waifute ile video, na akishindwa kuzuia kicheko akachekee nje, arudi ndani akiwa mwanaume mwenye baba. Mama yako mwambie wazee watakaa mkienda likizo Desemba, kuku asubiri, huyo naye hana haraka.

Lakini haya yote hayatamzuia mzee leo. Suruali haimzuii, na Obadia peke yake hamzuii, kwa sababu aliyeanguka siyo Obadia. Ni wewe. Kwa hiyo leo jioni, mume wako akiwa pembeni ili desturi yako isiumie, nenda mlangoni kwa mzee. Piga magoti kama ulivyozoea. Tazama miguu yake kama uso unakushinda, sikulazimishi. Mwombe ile dawa ya kuchua, mwambie goti bado linauma. Akikupa, pokea kwa mikono miwili, halafu sema kwa sauti ile uliyopaswa kuitoa jabalini, "Baba, hukuniachia. Usiniachie sasa, usiondoke." Kisha nyamaza, usubiri akujibu. Usikimbilie jikoni.