Merikebu za Waturuki kwa Wakwe Zangu

Uthiru,
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Na mvua imeyaacha mahindi salama? Sisi huku tu wazima. Mama, nina furaha hata naogopa kuitamka! Rebeka akiniita "mume wangu" mbele ya majirani, nasahau nilichotaka kusema.

Lakini leo nakuandikia kwa aibu.

Jana wakwe zangu wa Dagoretti walitualika chai. Baba mkwe akasema, "Mwalimu, hebu tuambie, watoto wa watu unawafundisha nini?" Rebeka alikuwa akinitazama, nami nikataka ajivunie. Nikawaeleza jinsi Waturuki walivyokuja zamani kutoka bahari ya mbali hadi Mombasa kupigana na Wareno. Birika likawa ngome, vikombe vikawa merikebu. Shemeji zangu wakacheka: "Kunywa basi merikebu yako, inapoa!"

Wareno walipotokea na merikebu nyingi zaidi, vikombe vikaniishia. Nikaruka kwenda jikoni kuongeza vingine, bila hodi. Nikagongana na mama mkwe, na ili asianguke nikamshika mikono yote miwili!

Mama, wewe ndiwe uliyenifunza kwamba mtu hamgusi mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Alijifunika leso, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikarudi sebuleni. Kisha baba mkwe akauliza polepole, "Hao Waturuki wako nao waliingia hivyo?"

Rebeka alilia njia nzima.

Sasa siwezi kukanyaga kwao mpaka wazee wetu wapeleke kondoo wa kuondoa aibu. Kondoo nitamnunua hapa hapa. Wewe mwombe Baba aje upesi kuniombea msamaha. Nisipotakaswa, Rebeka atakuwa akienda kwao peke yake kama mjane.

Leo amekutana na mama yake kanisani, akarudi na maneno haya: "Mume wako akishaleta kondoo, akae sebuleni, mimi nikae jikoni, amalizie hadithi yake. Wale watu walishinda?"

Hawakushinda, Mama. Wareno waliwabana baharini, maadui wengine wakawabana bara, nahodha wao akakamatwa. Kama aliomba msamaha, sijui. Mimi naomba.

Msalimie Baba, shangazi aliyenichagulia shuka za harusi, na mdogo wangu Petro, ila yeye usimwambie. Atanicheka hadi Krismasi.

Mwanao mwenye mke mzuri na uso ulioinama,
Yohana