Dawa Iliyomtetemesha Mutwiri

Mpendwa Kendi,

Sisi ni wazima, na mjomba wako amemaliza kupalilia kahawa. Barua yako haikuwa na tarehe, usirudie. Umeuliza kwa nini mnahangaika maabarani kutafuta dawa mpya ya kuvu, ilhali ya zamani inaponya.

Nilipokuwa msichana, kuvu ilimwingia kaka yangu Mutwiri ubongoni. Hospitalini alitiwa dawa ya maji mshipani kwa mpira, akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta.

"Toa hayo maji, twende nyumbani!" Mama aliamuru.

"Mama, ni dawa inayomtetemesha. Ukiitoa, utamzika," muuguzi alimjibu.

Mama alimfunika kwa leso yake, akailalia miguu yake isiruke. Alifanya hivyo kila kaka alipotiwa dawa, mpaka asubuhi moja Mutwiri alipofumbua macho na kuuliza, "Nani anakamua ng'ombe wangu?"

"Amepona huyu, ameanza ubishi," Mama alisema, akicheka huku analia.

Naishukuru dawa ile. Lakini mama wa kitanda cha pili, alipoona mwanawe akitetemeka vilevile, alichomoa mpira, akambeba nyumbani. Tafuteni dawa ambayo mama hatatamani kuichomoa.

Mutwiri anakusalimu. Bado anakamua mwenyewe.

Nyanya yako,
Kanyakine