Buti Ngumu za Kiboriloni

Jumamosi jioni

Zimenitosha, hata nikivaa soksi jozi mbili.

Miaka mitatu nabeba mizigo ya wageni mlimani, na kila safari naishia kibanda cha mwisho. Mzee Eliya, kiongozi wetu, hakubali mpagazi akanyage theluji akiwa na raba. Leo sokoni Kiboriloni nimekuta buti ngumu za plastiki, pamoja na vyuma vyake vya kukanyagia barafu. Muuza mitumba alikuwa amezitumia kugandamizia turubai lisipeperuke.

"Kaka, hizi unauzaje?"

"Dada, hizo ngumu kama ndoo, nani atavaa? Toa ulichonacho."

Nilichonacho kilikuwa kidogo, akapokea. Nikapitia kwa Mzee Eliya. Akazigonga kwa fimbo, akasema Jumatatu nitapanda mpaka kileleni.

Akabaki mama, ambaye hajawahi kuipenda kazi hii. Huwa anasema mwanamke wa Uru kahawa na ng'ombe vinamtosha. Alizigeuzageuza. Kisha akavua kandambili, akavaa buti zangu, akatembea nazo migombani kwa hatua kubwa, khanga ameikusanya mkononi, mpaka majirani wakaja kuchungulia.

"Hizi hazipitishi baridi," akasema aliporudi. "Nenda. Ila ukirudi uniambie kukoje huko juu. Mlima huu nimeutazama maisha yangu yote."

Naogopa kifua kubana, na aibu ya kushindwa mbele ya wanaume. Buti ya kushoto nayo imeanza kunibana kidole kidogo. Lakini sijazivua. Naandika haya nikiwa nimezivaa.