Neno Nililomsomea Bibi

Mshauri mpendwa, hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja, naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini na nane. Nasoma kidato cha tatu, naishi Kyimo na mama, bibi na mdogo wangu Dainess wa miaka miwili, ambaye hata sufuria ikianguka nyuma yake hageuki. Nesi wa kliniki alimwandikia akapimwe masikio Mbeya tarehe hiyo, tukafurahi, halafu mama akanipa simu akasema, "Wewe ndiye mwenye Kiingereza humu ndani, tutafutie," nami nikakuta utafiti wa panya waliozaliwa viziwi, maneno magumu matupu, kuhusu inhibitory receptors kwenye shina la ubongo inakopita sauti, na kwa aibu ya kusema sijaelewa nikatafsiri tu, "Ubongoni kuna vizuizi, kwa viziwi havikui sawa."

Bibi akaacha kumenya ndizi. "Vizuizi? Nani kamzuia?"

Nikasema haijaandikwa.

"Wataandikaje jina!" Kisha akanishika mkono akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mjukuu wangu, umetufumbua macho."

Tangu siku hiyo aliyemzuia ni Mama Tulia, jirani yetu, kwa sababu ndiye aliyemfumia Dainess kofia alipozaliwa, kofia imechomwa moto, jana alimsalimia mama shambani kwenye chai mama akageuza uso, na bibi amepata mtu kijiji cha Lupepo wa kumfungua mtoto kwa mafuta ya kutia sikioni, anasema hospitali isubiri, na kila nikitaka kusema ni kosa langu naishia kuomba chumvi. Je, nikinyamaza tu mpaka, bibi anakuja, nasikia ndala zake mlangoni, naficha hii chini ya godo

*

Binti wa Kyimo,

Karatasi yako imefika imekunjwa mara nane, hata nukta hukuwahi kuweka. Pole. Kubebeshwa ukalimani wa nyumba nzima si kosa lako. Kosa lako ni kunyamaza huku kofia ya watu inaungua. Hapo nakugombeza, na unisikie.

Nimemuuliza daktari wa masikio. Vile ulivyoviita vizuizi ni vipokezi vya kutuliza, yaani breki: seli ya ubongo ikichangamka mno, hupokea kupitia vipokezi hivyo ishara ya kutulia. Unavyo wewe, anavyo bibi, anavyo na Mama Tulia. Watafiti walitaka kujua breki hizo zinakuaje kwa panya asiyewahi kusikia. Hakuna mtu aliyemwekea mwenzake breki hizo. Na Dainess si panya. Ukurasa ule hauwezi kukuambia ana nini. Kipimo ndicho kitasema.

Leo hii, bibi akikaa kumenya ndizi, kaa naye. Usianze na panya. Sema, "Bibi, nilisoma vibaya, neno lile ni breki, hakuna aliyemzuia mtoto." Atauliza mara tatu, jibu mara tatu. Akifoka, mwache afoke, ila usiinuke. Kesho mfuate yule nesi, umweleze habari ya mafuta, aje azungumze na wakubwa nyumbani. Lisiingie sikioni hata tone. Kisha kwa Mama Tulia, pamoja na mama yako. Mama akikataa, nenda peke yako.

Tarehe ishirini na nane Dainess awe Mbeya, mgongoni kwako. Na daktari akitamka neno usilolijua, muulize maana yake hapo hapo, kwa sauti, mama yako akisikia.