Jina la Bakari Mkononi mwa Dada

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia ua, nimefanya hesabu kurasa mbili. Da Siti anaosha vyombo na blauzi ya mikono mirefu, joto lote hili. Chini ya kitambaa kuna tatuu: BAKARI, kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Alichorwa Diani walipokuwa wachumba. Bakari ndiye aliyeomba. Kisha akaenda kuoa Likoni bila hata kuaga.

Wiki ijayo dada anaolewa. Bwana harusi anajua. Shangazi zake hawajui, na siku ya hina watakuja kumtazama dada mikono.

Namchukia Bakari.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemshtaki kwa mzee wa mtaa. Dada hakutaka. Nimesema alipe, tatuu ifutwe kwa mashine Mombasa. Nataka pia aaibike mbele za watu. Hilo sikumwambia mzee.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala, barazani kwa mzee. Bakari alikuja na mamake, Bi Mwanaisha, mchora hina. Maharusi wote wa Msambweni hupita mikononi mwake.

Nilieleza yote kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kwenye insha. Sauti haikutetemeka.

Bakari akacheka. "Wewe mtoto, na mimi nimdai nani?" Akafungua shati. SITI, kifuani. "Mke wangu hunilaza na fulana!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye. Akasema ngoma droo, kila mtu abebe la mwenzake. Dada aliangalia chini tu.

Bi Mwanaisha hakucheka.

Nimeshindwa. Namchukia zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilitaka kumpigia mke wa Bakari nimwambie mengine ninayoyajua juu ya mumewe. Namba ninayo. Nilishaanza kuibonyeza.

Nikaenda kwa mamake badala yake. Nikamwamkia shikamoo vizuri. Nikamwambia, "Bi, watu wote wamecheka pamoja na mwanao. Dada yangu ndiye atakayelia."

Alikuwa akichekecha hina. Hakuinua uso.

"Hina ni lini?"

"Jumatano."

"Mwambie asitafute mchoraji."

Jumatano, 13 Agosti

Amekuja. Kapu la vifaa alibebeshwa Bakari, kutoka kwao hadi kwetu, mchana, watu wakitazama. Mlangoni mamake akamwambia, "Kaa hapo." Wanaume hawaingii. Akakaa juani na mbuzi hadi kazi ilipokwisha. Nilichungulia mara nyingi. Nilifurahi kila mara.

Ndani, Bi Mwanaisha alianza na B. Akaizungushia jani kwa piko, ile rangi nyeusi ya maharusi. Akaijaza. Herufi baada ya herufi, akamfuta mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Mchoraji hupewa leso. Aliikataa. Chakula pia.

Shangazi walifika alasiri. Mmoja akaushika mkono. "Ua gani hili jamani, zuri hivi?"

"La nyumbani kwangu," akasema Bi Mwanaisha.

Dada alilia kidogo. Wakadhani ni mambo ya maharusi.

Jumapili, 17 Agosti

Dada ameshakwenda kwake. Piko hufifia. Bi Mwanaisha ameahidi kulirudia kila likififia, mpaka ipatikane ile mashine. Huenda Bakari atabeba kapu tena.

Namba ya mkewe nimeifuta.

Nimefagia ua. Blauzi ya dada ya mikono mirefu imebaki kwenye kamba. Nimeianua.