Wabluu, Wekundu na Tuta la Tullabar

Tullabar, 9 Mei

Mpendwa Lorelle,

Natumaini wewe na Brisbane yako mko salama. Mimi ni mzima. Goti la kulia linalia nikipanda ngazi, na nyumba hii ina ngazi kumi na saba, kwa hiyo tunalia pamoja. Bi Joyce wa jirani anakusalimu na anasema umemtupa.

Jambo lenyewe ni hili: nataka kuunda kompyuta. Ile ya zamani ilikunywa matope kwenye mafuriko ya mwezi wa pili pamoja na friji na kochi la marehemu mama yako. Nitanunua vipande na kuviunga mwenyewe mezani. Kila kitu nimeshakiamua isipokuwa prosesa, ule ubongo wenyewe. Kuna kambi mbili za watengenezaji, Wabluu na Wekundu, na watu wao wanatukanana mtandaoni kama mashabiki wa raga. Nimesoma wiki nzima na sasa najua kidogo kuliko nilivyoanza.

Kazi yake unaweza kuikisia. Halmashauri wanasema lile tuta la barabara ya mchepuo, walilojenga ng'ambo ya mto mwaka juzi, liliongeza maji mtaani kwetu kwa upana wa kidole. Kidole, Lorelle. Kwa hiyo kosa si la tuta, kosa ni letu kuishi hapa, na mtaa mzima uhame, nyumba zivunjwe. Mimi nimepima bonde hili kwa miaka thelathini na minne nikiwa idara ya maji. Nitayapigia hesabu upya mafuriko yaleyale kwa programu yangu ya zamani, tuta likiwepo na lisipokuwepo. Kikao cha kuwasikiliza wananchi ni tarehe 17 Agosti.

Wewe ndiye unayetunga programu kwa mshahara. Wabluu au Wekundu?

Baba yako,
Des


Brisbane, 16 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi ni nyingi, na huku kumeanza baridi ya kujifanya. Pole kwa goti. Mwambie Bi Joyce sijamtupa, nitampigia Jumapili.

Barua yako nimeisoma mara tatu na jibu langu ni hapana. Sikuchagulii prosesa. Serikali inanunua nyumba za mtaa ule kwa bei ya haki, na wewe unataka kununua feni na nyaya ili ubaki. Umesahau siku ile? Mimi sijasahau. Ulikaa juu ya paa kwa muda wa saa kumi na moja na simu yenye chaji kidogo, ukaniambia nisipige tena ili isizimike. Mimi nikakaa sakafuni jikoni kwangu nikiitazama simu isiyolia. Saa kumi na moja, Baba. Halafu unaniuliza Wabluu au Wekundu.

Uza nyumba. Njoo huku. Hesabu waachie wenye umri wa kugombana.

Mwanao,
Lorelle


Tullabar, 2 Juni

Mwanangu,

Afya ni ileile, na hasira yako nimeipokea ikiwa nzima, haikuvunjika njiani. Sikulaumu. Lakini sikuomba ruhusa, niliomba ushauri.

Ijumaa nilikwenda ofisi za halmashauri na Bi Joyce kuomba vipimo vya tuta. Tulihudumiwa na mhandisi wao, bwana mmoja anaitwa Corbett, kijana wa miaka hamsini hivi. Vipimo alitupa, sheria inamlazimu. Kisha akamwinamia Bi Joyce, ambaye ana miaka themanini na moja na aliwahi kuwa mwalimu mkuu, akasema polepole kama anaongea na mtoto: "Mama, mambo haya yana kompyuta kubwa. Mzee huyu akapumzike bustanini kwake." Bustani yangu ina matope ya kufika kwenye vifundo. Bi Joyce alimwuliza kama alifundishwa kuongea hivyo au alizaliwa hivyo. Tukaondoka.

Kutoka pale nilipita dukani kwa Harjit, yule anayeuza kompyuta karibu na posta. Harjit ni Mbluu wa damu. Anasema kwa kuwa programu yangu ni kongwe na inatumia kiini kimoja tu cha prosesa, yaani mfanyakazi mmoja kati ya wengi waliomo ndani yake, nichukue ile ambayo kiini chake kimoja kinakwenda mbio zaidi, na hiyo kwa sasa ni ya bluu. Maneno yake yana akili. Jumamosi nanunua, ukinijibu au usiponijibu.

Baba yako,
Des


Brisbane, 5 Juni

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka ili barua hii imfike Harjit kabla ya pesa zako.

Usinunue. Harjit anajibu swali la mtu anayepiga hesabu moja. Wewe utapiga ngapi? Ukienda na hesabu moja, huyo Corbett atasema umechagua mvua uliyoitaka. Lazima uwafungie milango yote. Chukua mvua za namna themanini, ardhi ikiwa kavu na ikiwa tayari imelowa, mto upande wa chini ukiwa umejaa na ukiwa haujajaa, tuta likiwepo na lisipokuwepo. Hizo ni hesabu mia sita na arobaini.

Sasa sikiliza. Ya bluu ina viini vinane vikubwa, na vingine vidogo ambavyo kwa kazi yako havifai. Tuseme kila hesabu inakula saa kumi na sita, ukiendesha nane kwa pamoja. Mpaka uiunge na kuandaa vipimo utaanza mwisho wa Juni, utamaliza baada ya siku hamsini na tatu, na kikao kimeshapita. Ya nyekundu kiini chake ni kizito kidogo, tuseme saa kumi na nane, lakini viko kumi na sita na vyote ni vikubwa. Siku thelathini. Programu yako kongwe haihitaji kujua lolote. Nitakuandikia kijiprogramu cha kugawa kazi, kila kiini kipewe hesabu yake, kikimaliza kipewe nyingine.

Nunua ya nyekundu. Na bado nimekasirika, na bado nataka uuze.

Mwanao,
Lorelle

Yule Corbett alimwambia Bi Joyce "mama" kwa sauti ya kubembeleza mtoto?


Tullabar, 29 Juni

Mwanangu Lorelle,

Salamu kutoka chumba chenye joto kuliko vyote Tullabar. Goti limeshukuru.

Harjit aliisoma barua yako akiwa amesimama, akapiga hesabu nyuma ya risiti, kisha akaenda kuleta boksi jekundu bila kuniangalia. Amesema niseme kwamba kwa mtu wa kucheza gemu msimamo wake haujabadilika.

Kuunga kulinichukua siku mbili. Prosesa niliilaza kwenye tundu lake kwa mikono miwili kama ninalaza yai, nikapaka ile dawa ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikabonyeza swichi. Kimya. Nilifungua kila kitu na kufunga tena. Kumbe kuna waya wa pili wa umeme, wa prosesa peke yake, na mimi nilikuwa nimeuchomeka mmoja tu. Bi Joyce ndiye aliyeuona ukining'inia, naye alikuja kuazima maziwa.

Kijiprogramu chako kinafanya kazi. Hesabu kumi na sita za kwanza zilianza leo asubuhi. Bi Joyce amehamishia kiti chake humu na anafuma soksi, anasema umeme wake hautoshi kwa hita. Feni ikivuma sana anaiambia ikaze moyo.

Corbett aje na hiyo kompyuta yake kubwa.

Baba yako,
Des


Brisbane, 4 Agosti

Baba,

Shikamoo. Uko wapi? Barua mbili hujajibu, simu inaita mpaka inachoka. Bi Joyce ameniambia unakula na unatembea, ila huongei, na kwamba feni ilinyamaza Jumatatu.

Sina budi kukuambia. Kile kijiprogramu nilikipanga kiniletee nakala ya majibu. Nimeyaona. Nimeiona na namba kumi na nne, nyumba yetu.

Ripoti yako unaiandika wewe. Hakuna atakayekuuliza kuhusu nyumba moja. Ukiiacha nje, zile nyingine bado zinatosha kuwashinda. Nakuambia hivi mimi, niliyekuwa nataka uuze. Sema nije, nitakuja.

Mwanao,
Lorelle


Tullabar, 19 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima, nisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka kuyatazama yale majibu mpaka yachoke kunitazama. Sikukuita kwa sababu ungekuja ukakaa mstari wa mbele, na mimi nikikuona unalia siwezi kusoma tarakimu.

Kikao kilifanyika ukumbi wa shule. Nilisoma dakika ishirini. Nyumba ishirini na tatu za mtaa wetu, ya Bi Joyce ikiwemo: bila tuta, katika hesabu zote mia tatu na ishirini, maji hayavuki ngazi. Tuta likiwepo, yanapanda sentimita sitini na moja na kuingia ndani. Nikainua kidole changu ili waupime huo upana wao. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini aliandika.

Corbett akasimama. Nadhani alikuwa ameshaiona nyumba yangu kwenye karatasi, maana sikuificha. Akauliza: "Na nyumba yako, Bwana Prowse? Namba kumi na nne?"

Nikamwambia: "Yangu inazama. Tuta likiwepo inazama, lisipokuwepo inazama. Imejengwa bondeni mno, hata ngazi kumi na saba hazitoshi. Nimekaa ndani yake miaka arobaini na sikujua."

"Kwa hiyo unatetea nini?"

"Hizo nyingine. Soma ukurasa wa sita."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, Lorelle, na sauti yangu haikuwa nzuri. Lakini kama ningeiacha namba kumi na nne nje, basi na mimi ningekuwa nimekata kipimo ili kinifae, na watu wa aina hiyo tayari tunao. Mwenyekiti ameagiza mtaalamu wa nje azirudie hesabu zote. Bi Joyce alinishika mkono mpaka nyumbani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue.

Baba yako,
Des


Brisbane, 8 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimesoma gazeti. Mtaalamu wa nje amepata sentimita hamsini na tisa, tuta linatobolewa sehemu nne, na nyumba ishirini na tatu zimeondolewa kwenye orodha ya kuhamishwa. Nilisoma nikiwa kazini, nikaenda chooni kulia kama mtu mzima.

Lakini naijua pia ile ya ishirini na nne. Umeamua nini? Safari hii sisemi uuze. Nauliza tu.

Mwanao,
Lorelle


Tullabar, 26 Novemba

Mwanangu Lorelle,

Hatujambo sote, na joto limeingia kwa nguvu.

Nimetia saini. Ardhi ya namba kumi na nne sasa ni ya serikali, na maji yakija yajimwage yanavyotaka. Karatasi zao zilisema nyumba itavunjwa. Nikawaandikia kwamba wananunua kiwanja, na mbao zilizosimama juu ya nguzo naomba nizichukue mwenyewe. Walijibu hapana. Nikaandika tena. Walijibu kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Nikaandika tena, na safari hii Bi Joyce na wenzake ishirini na wawili walitia saini chini yangu. Wakachoka wao kwanza.

Harjit ana shamba la makadamia juu kilimani, na kona yake moja ilikuwa haina kazi. Nimeinunua. Nimeipima mara mbili.

Jana asubuhi walikuja na jeki na msumeno, wakaikata nyumba vipande viwili katikati ya sebule kama keki, wakaipakia kwenye malori mawili marefu. Dereva alitaka kuzunguka kwa barabara ya nyuma. Nilimwomba apite mjini, na kwa kuwa waya za umeme ni za juu zaidi huko, akakubali. Polisi walifunga barabara. Watu walitoka madukani. Corbett alikuwa kwenye ngazi za ofisi na kikombe chake cha kahawa, naye alipoinamisha kichwa, na mimi niliinamisha changu.

Hawaruhusu mtu kukaa ndani ya nyumba ikiwa juu ya lori. Kwa hiyo nilitangulia mbele na bendera nyekundu mkononi. Goti lilikuwa linauma, nami sikulisikiliza. Namba kumi na nne ilipita mbele ya halmashauri kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Baba yako,
Des